Kabla Hujauliza Ndege Inachukua Saa Ngapi

Tiketi imeandikwa 00:40, Jumanne tarehe 14. Kijana wa Sagana aliyepata kazi Doha anaisoma, wazazi wake wanaisoma, na jirani mwenye gari anaombwa ajiandae Jumanne usiku. Jumanne mchana mbuzi anachinjwa, jioni mchungaji anaombea safari, picha zinapigwa, kisha msafara unashika barabara. Wanafika Nairobi saa nne usiku na kuambiwa kwamba ndege hiyo ilipaa usiku uliopita. Ilipokuwa ikiondoka, kijana alikuwa kitandani kwake Sagana, amelala.

Hakuna aliyedanganya mtu. Kwenye tiketi, siku mpya huanza saa sita usiku. Kwetu sisi, Jumatatu usiku huendelea kuwa Jumatatu usiku hadi jogoo awike. Kwa hiyo ile 00:40 ya Jumanne ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne, na mtu anapaswa kutoka nyumbani Jumatatu jioni. Nimeliweka kosa hili mbele ya mengine yote kwa sababu sijui lingine linaloumiza familia kiasi hiki. Nauli iliyochangwa na ukoo mzima hupotea, visa huendelea kuhesabu siku zake, na mwajiri asiyekujua huanza kukutilia shaka kabla hajakuona uso.

Dawa yake ni rahisi. Siku ile ile tiketi inapofika kwenye simu, mketishe mtu mmoja mtulivu nyumbani aiandike upya kwenye karatasi kwa saa zetu. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa sita: 07:00 ni saa moja asubuhi, 15:30 ni saa tisa na nusu alasiri. Kuanzia 19:00 hadi 23:59 toa kumi na nane: 22:15 ni saa nne na robo usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza sita: 03:00 ni saa tisa usiku, na hapo ndipo penye hatari, kwa maana ni lazima uandike pia maneno "usiku wa kuamkia" na jina la siku. Chini yake andika kwa herufi kubwa siku na saa ya kutoka nyumbani. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani penye kalenda, na dereva apewe nakala. Wageni wote wa kuaga wapewe saa ya kutoka nyumbani tu. Saa ya ndege haiwasaidii.

Sasa tuje kwenye swali ambalo watu huuliza kwanza: kutoka uwanja wetu hadi uwanja wa nchi fulani ni mbali kiasi gani, na ndege hutumia muda gani? Ukiuliza simu yako itakujibu kwa nambari moja safi. Kutoka Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi Doha ni kama kilomita 3,350. Hadi Dubai ni kama 3,560, Riyadh 3,100, Jeddah 2,570, na Muscat 3,600. Hadi Heathrow, London, ni kama 6,840. Majirani wako karibu: Entebbe ni kilomita 520 hivi, Kigali 755, Dar es Salaam 670, Zanzibar 600, Addis Ababa 1,160, na Kilimanjaro 235 tu.

Nambari hizo ni za mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kana kwamba umevuta uzi kwenye tufe kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Ndege haifuati uzi huo kikamilifu. Hupaa kwa kuukabili upepo, hupita njia za anga zilizopangwa, na hukwepa mahali pa hatari. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023 anga ya nchi hiyo ilifungwa, na ndege za Afrika Mashariki zilizozoea kukata juu yake kuelekea Ulaya zikalazimika kuizunguka. Umbali wa kwenye simu ulibaki ule ule. Saa za safari zikaongezeka.

Hata hivyo unaweza kukadiria muda mwenyewe bila msaada wa mtu. Ndege kubwa ya jeti, ikishafika juu, huenda kati ya kilomita 850 na 900 kwa saa. Lakini hutumia muda kujikokota ardhini, kupanda, kushuka na kutafuta nafasi ya kuegesha. Basi chukua umbali, ugawe kwa 800, kisha ongeza nusu saa. Dubai: 3,560 kwa 800 ni kama saa nne na nusu, ongeza nusu, unapata muda wa saa tano. Entebbe: 520 kwa 800 ni dakika 39, ongeza 30, ni saa moja na dakika chache. London inakuja kama saa tisa. New York, iliyo kama kilomita 11,850 kutoka Nairobi, inakuja saa 15 na kitu, na kweli Kenya Airways ilipoanza kwenda huko moja kwa moja tarehe 28 Oktoba 2018, safari ilikuwa ya takriban saa 15. Kurudi ilikuwa kama 14, kwa sababu huko juu kaskazini ya dunia upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, nao huisukuma ndege inayorudi kwetu.

Kanuni hiyo nimeipenda kwa sababu inamsaidia mzazi aliyeko Kagio au Karatina kujua kama ajenti anamweleza ukweli. Ukiambiwa safari ya Riyadh inachukua saa 14, jua papo hapo kwamba kuna kituo katikati ambacho hujatajiwa, na una haki ya kuuliza ni wapi, kwa muda gani, na kama mwanao atahitaji visa ya kupita hapo.

Ila hata ukipata jibu sahihi kabisa, bado hujapata jibu la swali lako. Wewe hukai uwanjani. Unakaa Sagana, au Kerugoya, au Mukurwe-ini ndani kabisa, na unachotaka kujua ni utoke saa ngapi na utafika saa ngapi mlangoni mwa huyo unayemwendea. Muda wa angani ndio sehemu ya safari iliyo imara kuliko zote. Saa zinazowaangusha watu ziko kwenye ncha mbili: kabla ya kupaa na baada ya kutua.

Tuanze na ncha yetu. Kutoka Sagana hadi Nairobi ni takriban kilomita 100. Kutoka mjini Nyeri ni kama 150, na Nanyuki inakaribia 200. Upanuzi wa barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua, kilomita 84, umeleta nafuu kubwa kwa watu wa upande huu, maana zamani lori moja la mchanga lingeweza kuburuta magari hamsini nyuma yake. Gari dogo likitoka Sagana alfajiri, njia ikiwa nyeupe, linaweza kufika uwanjani kwa muda wa saa mbili hivi. Tafadhali usipangie safari ya nje ya nchi kwa saa hizo mbili. Pale Makutano magari ya Embu na Mwea hujiunga na yetu. Mbele yake kuna Kenol, Thika, Juja na Ruiru, na Jumapili jioni kila aliyekuja nyumbani kwa mazishi, harusi au kuona wazazi anarudi mjini kwa wakati mmoja. Wiki ya kwanza ya Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, ni vivyo hivyo kila siku.

Mimi huwashauri watu watenge muda wa saa nne kutoka Sagana hadi mlango wa uwanja wa ndege, tano kutoka Nyeri na sita kutoka Nanyuki. Wapo watakaosema ni nyingi mno. Saa moja na nusu ya kukaa kwenye benchi ukila mkate haijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Kuhusu njia, hakuna haja ya kuingia katikati ya Nairobi ukiwa na gari lako. Ukifika Ruiru shika Eastern Bypass, upite Kamakis na Utawala, na utatokea upande wa Embakasi karibu na uwanja. Anayesafiri kwa matatu ndiye mwenye kazi, kwa sababu magari yetu humalizia safari mitaa ya River Road na Accra Road, na kuvuka kutoka huko na masanduku mawili wakati wa jioni ni adhabu. Ni afadhali umwombe dereva akushushe Ruiru penye Bypass, na uwe umeshapanga teksi ikungoje hapo. Kuna matatu namba 34 inayotoka mjini hadi uwanja wa ndege, nayo humfaa mtu mwenye mkoba mmoja na muda wa kutosha.

Ukifika kwenye lango la nje la Jomo Kenyatta (JKIA), abiria huenda wakatakiwa kushuka garini na kupita kwa miguu kwenye ukaguzi, huku dereva akipitisha gari upande wake. Msafara wa watu kumi na wanne kwenye nissan moja, pamoja na shosho mwenye fimbo, hupita polepole. Hili nalisema kwa heshima kubwa kwa desturi yetu ya kusindikizana, maana najua uzito wa kumwona mtoto akiondoka bila kujua atarudi mwaka gani. Lakini maombi na hotuba zimalizikie nyumbani. Watu wa kuaga wakiwa wengi, gari la msafiri litangulie na watu wawili au watatu, na hao wengine wafuate nyuma. Likiharibika gari la pili Kenol, wasindikizaji watakosa picha. Msafiri hatakosa ndege.

Safari ya nje ya nchi hutaka uwe uwanjani saa tatu kabla ya ndege kuondoka, na mashirika mengi hufunga kaunta ya mizigo dakika 60 kabla. Ikishafungwa imefungwa, hata kama ndege unaiona kwa macho kupitia kioo. Ndani ya saa hizo tatu kuna foleni ya kaunta, ya uhamiaji na ya ukaguzi wa pili, na kutembea hadi lango la kupandia. Uwanja una majengo kadhaa, 1A, 1B, 1C na kuendelea, pamoja na jengo namba 2 lililo kando, kwa hiyo thibitisha siku moja kabla ndege yako inatoka jengo gani. Sanduku lipimwe nyumbani. Sagana na Mwea hapakosekani mizani. Duka lolote la mchele litakusaidia. Nimeona akina mama wakifungua masanduku sakafuni mbele ya kaunta, wakitoa pishori ya Mwea kilo kwa kilo huku machozi yakiwatoka, na dakika zikienda. Na kabla ya kubeba mchele au nafaka yoyote, uliza kama nchi unayokwenda inaruhusu.

Labda umejiuliza kwa nini ndege nyingi za mbali hutoka Nairobi usiku wa manane, zikitufanya tusafiri gizani. Sababu moja ni ratiba: zinataka kufika Doha, Dubai au Ulaya alfajiri, ili abiria waunganishe ndege za asubuhi. Nyingine ni hewa yenyewe. Uwanja wa JKIA uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Jua la mchana likiipasha moto huwa nyepesi zaidi, na ndege iliyojaa mafuta na watu hupata shida kuinuka. Usiku wa baridi unaisaidia kubeba zaidi.

Turudi kwa yule kijana wa Doha na tumpangie ipasavyo. Ndege ni saa sita na dakika arobaini, usiku wa kuamkia Jumanne. Awe uwanjani saa tatu na dakika arobaini usiku wa Jumatatu. Atoke Sagana kabla ya saa kumi na mbili kasorobo jioni. Mimi ningesema saa kumi na moja. Ndege itatumia kama saa nne na dakika arobaini, na Doha hutumia saa ile ile ya Kenya, kwa hiyo atatua saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Uhamiaji, mizigo, kumtafuta mtu wa kampuni na gari hadi makazi ya wafanyakazi ni saa mbili nyingine, wakati mwingine tatu. Hesabu: alitoka nyumbani saa kumi na moja jioni, atatua mizigo yake kitandani saa mbili asubuhi. Ni muda wa saa 15, na chini ya saa tano kati ya hizo ndizo alizokuwa angani. Mwambie hayo mapema ili alale mchana wa Jumatatu, avae viatu vilivyozoea mguu, na aweke chakula kidogo mkobani.

Safari fupi hesabu yake hubadilika hata zaidi. Chukua mtu wa Sagana anayekwenda Kampala. Ndege ni saa moja na dakika kumi. Ongeza saa nne za barabara, mbili au tatu za uwanjani, saa moja ya kutoka Entebbe uwanjani, na safari ya kilomita 40 kuingia Kampala, ambayo barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2018 imeifupisha lakini haikuondoa msongamano wa mjini. Ni kama saa kumi. Basi kutoka Nairobi hutumia saa 12 hadi 14 ikiwa mpaka hauna shida, mbali na saa za kufika Nairobi kwanza. Ndege bado inashinda, ila kwa tofauti ndogo kuliko bei yake. Kwa Arusha au Moshi, mimi ningepanda gari la Namanga bila kusita, kwa maana kilomita 235 za angani hazifidii nusu siku ya foleni. Kwa Dar es Salaam au Zanzibar, panda ndege kama mfuko unaruhusu.

Na kwa safari hizi za jirani kuna muda mwingine ambao haumo kwenye tiketi. Mkenya huweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho cha taifa, lakini chanjo ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa kuwa halali siku kumi baada ya kuchomwa. Safari ya angani ya saa moja inaweza kukutaka uanze kujiandaa wiki mbili kabla. Ukishachomwa, kadi hiyo ni ya maisha yote, basi itunze pamoja na pasipoti.

Safari mashuhuri kuliko zote zilizowahi kuanzia sehemu hizi ilifanyika tarehe 6 Februari 1952, nayo ina mengi ya kumfundisha msafiri wa leo. Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, na mumewe Philip walikuwa wamelala Treetops, kwenye msitu wa Aberdare, kisha wakarudi Sagana Lodge, nyumba waliyopewa na serikali ya kikoloni kama zawadi ya harusi. Hapo ndipo habari za kifo cha Mfalme George VI zilipowafikia. Walitakiwa London haraka iwezekanavyo, na hakuna kitu ambacho wangeweza kunyimwa. Walikwenda kwa gari hadi Nanyuki, wakapanda ndege aina ya Dakota ya shirika la East African Airways hadi Entebbe, ambako ndege kubwa ya shirika la BOAC ilikuwa ikingoja. Mvua ya radi ikawazuia Entebbe kwa saa kadhaa. Wakapaa usiku, wakatua El Adem nchini Libya kujaza mafuta, na walifika London alasiri ya tarehe 7.

Angalia ile sehemu ya kwanza, Nanyuki hadi Entebbe. Miji yote miwili iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, kwa hiyo umbali wake waweza kuupiga kwa kalamu. Mzunguko wa dunia ni kama kilomita 40,000. Ukiugawa kwa nyuzi 360 unapata kilomita 111 kwa kila uzi mmoja wa longitudo kwenye ikweta. Nanyuki iko nyuzi 37 mashariki, Entebbe 32.4. Tofauti ni nyuzi 4.6, mara 111, ni kama kilomita 510. Mwalimu wa jiografia akiwapa wanafunzi wake wa Sagana hesabu hii, wataelewa longitudo kwa dakika kumi. Kutoka Entebbe hadi London ni kilomita 6,500 hivi, na kwa kanuni yetu ya 800, jeti ya leo ingezimaliza kwa muda wa saa nane na nusu.

Lakini mawingu ya Ziwa Viktoria hayajabadilika. Eneo la ziwa hilo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, hasa usiku, na ndege hungoja leo kama zilivyongoja wakati ule. Ndiyo maana namwonya kila anayepanga kuunganisha ndege Entebbe: jipe nafasi kubwa, hasa misimu ya mvua.

Jambo jingine katika kisa hicho ni jina. Sagana Lodge, ambayo sasa ni Ikulu ndogo ya Sagana, iko upande wa Kiganjo, kaunti ya Nyeri. Mji wa Sagana uko Kirinyaga, makumi ya kilomita kusini. Mgeni asiyejua hushuka mjini kwetu akiuliza ikulu iko wapi. Viwanja vya ndege navyo hufanya hivyo hivyo kwa wasafiri. Nairobi kuna Jomo Kenyatta, ambao alama yake ni NBO, na Wilson, ambao ni WIL. Anayepanda ndege ndogo Nanyuki hutua Wilson baada ya dakika 45 hivi, na kama ndege yake ya kwenda nje iko JKIA, ana jiji la kuvuka. Dubai ina DXB na DWC. London ina Heathrow, LHR, Gatwick, LGW, Stansted, STN, na vingine zaidi. Anayesema anakwenda Arusha huenda tiketi yake ni ya JRO, uwanja wa Kilimanjaro ulio kati ya Moshi na Arusha, au ya uwanja mdogo wa ARK mjini. Soma zile herufi tatu kila mahali zinapotokea kwenye tiketi. Kama herufi za kutua na za kupaa tena hazifanani, utabadilisha uwanja, si ndege tu.

Kuhusu saa za nchi, kumbuka kwamba tiketi huandika saa ya kila mahali kwa mahali pake. Uganda, Tanzania, Ethiopia, Saudia na Qatar ziko sawa na sisi. Dubai na Oman ziko mbele kwa saa moja, ndiyo maana tiketi ya kwenda Dubai huonekana kama safari ya saa sita na ya kurudi kama saa nne, ilhali zote ni tano. Rwanda, Burundi na Kongo ya mashariki ziko nyuma kwa saa moja: ukitoka Nairobi saa mbili asubuhi na kutua Kigali baada ya saa moja na nusu, saa ya ukutani huko itakuambia ni saa mbili na nusu. Uingereza ndiyo yenye kubadilika. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba iko nyuma yetu kwa saa mbili, miezi mingine kwa saa tatu. Anayesafiri kwenda huko wiki hizo za mabadiliko athibitishe saa ya treni au basi lake la huko kabla ya kuondoka. Addis Ababa utafurahi kukuta kwamba wenyeji huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko. Lakini ubao wa uwanja wao hufuata saa ya tiketi, basi ufuate ubao.

Kwenye kuunganisha ndege, kitu cha kuangalia kwanza ni kama safari yote iko kwenye tiketi moja. Ikiwa ni moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu la shirika kukutafutia nyingine, na mizigo huenda yenyewe hadi mwisho. Nafasi ya saa mbili au tatu katikati yatosha. Ikiwa ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali kwa sababu ya bei, kuchelewa ni kwako, huenda ukalazimika kutoka nje kuchukua mizigo, na bila visa ya nchi hiyo huenda usiruhusiwe kutoka. Hapo sikushauri chini ya saa sita. Kijana anayesafiri kwa mara ya kwanza mwombee kwa ajenti apewe ndege ya moja kwa moja, hata kama itabidi kuongeza shilingi elfu chache. Akikataa, mwanao akariri mambo matatu: jina la uwanja wa katikati, saa ya ndege ya pili kwa saa ya hapo, na namba ya ndege hiyo.

Na siku ya kurudi, anayekwenda kumpokea afuate ndege kwa namba yake kwenye simu. Programu kama Flightradar24 huonyesha mahali ilipo na saa itakayotua. Kutoka Sagana usitoke kabla hujaona imepaa huko ilikotoka. Kwa ndege ya Doha hiyo itakupa karibu saa tano, nazo zinatosha hata njia ikiwa mbaya. Baada ya kutua hesabu saa moja hadi moja na nusu ya uhamiaji na mizigo, zaidi kama ndege nyingine mbili tatu zimetua pamoja nayo. Ikitua baada ya saa nne usiku, na dereva amekuwa shambani tangu asubuhi, tafuteni mahali pa kulala Ruiru au Thika na mpande nyumbani kukicha. Vinginevyo, gari lingojee kwenye maegesho, msafiri apige simu akiwa tayari na mizigo yote mkononi, ndipo dereva alipie na kusogea mlangoni mwa jengo atakalotajiwa.